Nilivyokulia familia ya wakimbiaji Mbulu: kaunta buku la baba, kushoto mbio, kulia shule

Nguzo Mbili (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, ukikaribia, lawama ni ileile: wazazi waliowahi kucheza ndio wanaowaharibia watoto shule, eti wanataka mtoto amalizie kile walichoshindwa wao. Mimi ni mtoto wa wazazi wa aina hiyo. Nimekulia Mbulu, na sasa ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Biolojia na kusimamia riadha. Kwetu mambo yalikwenda kinyume kabisa na hizo lawama. Uzi ni mrefu, nitaweka vipande vipande, nivumilieni.

Baba alikimbia mita 5,000 na 10,000 kwenye timu ya jeshi miaka ya themanini. Mama alikuwa mfungaji wa netiboli kwenye timu ya kazini kwao, na mpaka leo akishika chungwa analizungusha kwanza kwenye ncha za vidole ndipo alimenye. Kaka yangu mkubwa alifuata mbio ndefu. Mimi nikaangukia mita 800 na 1,500. Mdogo wetu wa mwisho nitamweleza baadaye, maana yeye ana habari yake.

Mbulu kutoa wakimbiaji si ajabu. Ni nyanda za juu, baridi ya Juni na Julai inauma masikio, na mtoto anapanda na kushuka vilima kwenda shule tangu darasa la kwanza. Nyumbani kwetu John Stephen Akhwari hakuwa mtu wa kwenye vitabu, alikuwa mtu wa Mbulu. Dunia inamkumbuka kwa goti lililofungwa bandeji kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akiingia uwanjani wa mwisho. Mgeni akianza habari hiyo, baba aliisikiliza mpaka mwisho, kisha anaongeza: "Na mwaka 1970 kule Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano." Hakupenda mkimbiaji akumbukwe kwa kuumia tu. Filbert Bayi wa Karatu naye tulimhesabu jirani. Tulijua 3:32.2 yake ya mita 1,500, rekodi ya dunia ya Christchurch, Februari 1974, kabla hatujajua jedwali la saba. Tulijua pia kwamba siku ile aliongoza tangu mlio wa bastola mpaka mwisho, ndiyo maana mimi nikiwa darasa la tano nilikuwa nachomoka kama swala na kuishiwa pumzi kwenye mita mia tano. Baba hakunikataza. Alisema tu, "Endelea, siku moja utafika mia sita."

Nguzo Mbili

Naendelea.

Kaunta buku la baba lilikuwa na jalada gumu, limefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kila mtoto alikuwa na kurasa zake. Upande wa kushoto ni mbio, kwa penseli: tarehe, umbali, dakika, sekunde, na neno moja la hali ya hewa. Upande wa kulia ni alama za shule, kwa kalamu ya wino. Nilimuuliza kwa nini kushoto penseli na kulia wino. Akanijibu kwamba muda wa mbio utaubadilisha mwenyewe wiki ijayo, lakini alama za mtihani zikishaandikwa zimeandikwa.

Ijumaa jioni madaftari yote yanawekwa mezani. Sheria ilikuwa moja: Hisabati ikishuka chini ya hamsini, wiki inayofuata hukimbii. Si kwamba utachapwa au utanyimwa chakula. Hukimbii. Kidato cha kwanza nilipata 38. Wiki nzima nilikuwa naamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa mazoea, nakaa kitandani nasikia raba za kaka zikikwaruza changarawe, zinakwenda, zinafifia. Ile sauti iliniuma kuliko fimbo. Muhula uliofuata nilipata 61, na baba aliiandika taratibu kama mtu anayesaini hati.

Alikuwa na sababu. Yeye aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya kambi. Aliambiwa atarudi, nafasi yake ipo, masomo yatamsubiri. Akiwa na miaka 27 kano ya kisigino ikakatika akiwa mazoezini, na katika miezi michache timu ikawa haina haja naye. Alirudi nyumbani na jezi nne na saa ya mkononi. Ile saa ndiyo iliyotupima sisi wote. Aliomba kazi sehemu tatu, na kila sehemu aliulizwa cheti cha kidato cha nne.

Kwa hiyo mnaposema mzazi mwanamichezo hajali shule, mimi namwona baba na ile kalamu ya wino.

Nguzo Mbili

Mazoezi sasa, kwa wanaopenda kujua. Hatukuwa na uwanja wenye mistari. Tulikuwa na barabara ya Dongobesh na nguzo za umeme. Baba anasema "nguzo mbili kasi, moja pole", na hiyo ndiyo fatileki yetu, dakika ishirini, wakati mwingine thelathini. Jina langu humu limetoka hapo. Jumamosi vilima, Jumapili kanisani na kulala. Kulala kulihesabiwa kama zoezi. Mtoto aliyekutwa na tochi saa nne usiku alikosa mazoezi ya asubuhi, hata kama alikuwa anasoma. Baba alisema kusoma kuna saa zake na mwili una saa zake, na vyote viwili vinaibiwa na usiku.

Kaka yangu alipata bahati mbaya ya umri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisitishwa nchi nzima, na yeye alikuwa kwenye ubora wake hasa. Hakuna wilaya, hakuna mkoa, hakuna taifa. Baba akaanzisha mbio zake Jumamosi kwenye malisho nyuma ya nyumba, watoto wa jirani wote, zawadi ni daftari la kurasa 48. Kuna Jumamosi walikuja watoto zaidi ya thelathini. Mashindano yaliporudi kaka alikuwa ameshatoka shule. Nikisikia mtu anasema michezo shuleni ni kupoteza muda, namfikiria kijana aliyekimbia vizuri miaka yote ile na hakuwahi kuvaa namba kifuani.

Kijana wa Haydom

Mleta uzi nakufuatilia. Kaka yako nadhani nilikimbia naye Jumamosi mojawapo, kama ni hao ninaowafikiria. Daftari nililipata mara moja tu. Shusha kipande kingine.

Nguzo Mbili

@Kijana wa Haydom, kama ulilipata basi ulikuwa na mbio kweli, kaka hakuwa mtu wa kuachia.

Nieleze kidato cha pili, maana hapa wazazi wengi wa mabinti wanakosea.

Nilikuwa nakimbia mita 800 kwa 2:14. Mwaka huo mwili ulibadilika, nyonga zikapanuka, nikaanza hedhi, na muda ukaanza kupanda: 2:16, 2:18, 2:21. Baba aliandika zile namba akikandamiza penseli mpaka karatasi ya chini inabeba alama. Hakuwahi kunitukana, ila aliacha kuongea tukirudi nyumbani. Kilomita tatu za kimya. Nikaona nimekuwa mvivu, nikaanza kupunguza ugali ili niwe mwepesi.

Mama ndiye aliyeona. Kwenye familia ya michezo kila mtu anauliza "umekuwa wa ngapi?" Mama hakuwahi kuniuliza hivyo hata siku moja. Yeye huuliza "umekula?" Jioni moja aliona sahani yangu, akanivuta kope la chini chini ya taa ya kandili, akaona jinsi lilivyopauka. Kesho yake tulikuwa zahanati. Damu ilikuwa chini sana. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, na mama akabadilisha jiko: dagaa, maharage, mboga za majani, maini yakipatikana. Chai ikaondolewa kwenye chakula, inanywewa baadaye kabisa, kwa sababu nesi alimweleza kwamba chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Sasa nafundisha jambo hilohilo darasani na kila mwaka kuna binti anakuja kuniuliza faragha baada ya kipindi.

Usiku ule niliwasikia wakizungumza. Mama alisema, "Wewe ulikuwa mvulana. Huu mwili hujawahi kuuishi." Baba alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza inachukua muda gani. Mama akasema mwaka, labda na zaidi. Ijumaa iliyofuata baba alileta kaunta buku kama kawaida, akafungua upande wa kulia peke yake. Kushoto kwangu kulikaa kutupu miezi saba. Kidato cha tatu, mwezi wa tano, nikakimbia 2:11.

Mama Wawili

Dada, hapo kwenye sahani nimelia. Binti yangu ana miaka 12, yuko darasa la saba, anakimbia mita 400, mwalimu wake anataka ahamie shule yenye kambi. Baba yake alicheza mpira zamani na yeye ana moto kweli. Mimi naogopa. Nifanyeje?

Nguzo Mbili

@Mama Wawili, nakujibu hapo chini nikimaliza kipande cha kambi, kwa sababu kinakuhusu moja kwa moja.

Kidato cha tatu nilifika taifa, Kibaha. Mtu wa Mbulu kushuka Pwani, joto linakushika koo. Nilikuwa wa nne kwenye mita 800 na nilifurahi mno. Shule yetu ilirudi na kikombe kimoja, si changu, na tulipokelewa kwa ngoma na mabango. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Mwaka uliofuata nipo kidato cha nne. Shule ilipanga kambi ya wiki tano, mazoezi mara mbili kwa siku, na ratiba ikaangukia juu ya moko, mtihani wa majaribio wa mkoa. Tuliambiwa tusijali, moko si mtihani wa mwisho, na walimu "watatusaidia" kwenye alama. Wenzangu walishangilia. Mimi nilimpelekea baba barua ya kambi nikiwa na furaha, nikijua mkimbiaji mwenzangu atasaini.

Aliisoma mara mbili. Asubuhi yake alivaa koti lake la kanisani, akatembea mpaka shuleni, mimi nyuma yake. Ofisini alivua kofia, akaamkia, akakaa. Mkuu wa shule alieleza heshima ya shule na mkoa. Baba alisubiri amalize, akasema, "Mwalimu, maneno haya nimeshaambiwa mimi, miaka mingi iliyopita. Aliyeniambia hata jina langu sasa halikumbuki. Mtoto atafanya mazoezi jioni, na siku za mashindano mtamchukua. Moko atafanya." Wakasema haiwezekani, ni kambi au hakuna. Baba akavaa kofia. "Basi hakuna."

Sikwenda. Mwaka huo aliyekuwa nyuma yangu mkoani ndiye aliyekwenda, na alistahili, alikuwa mwenzangu wa dhati. Siku ya fainali ya mita 800 nilikuwa kwenye dawati nafanya Jiografia, natazama saa ya ukutani kila dakika. Sikuongea na baba karibu wiki tatu. Kuna jioni alinikuta nimekaa kwenye jiwe nje, akaketi chini, kwenye udongo, akasema, "Najua nimekuumiza." Hakujitetea zaidi ya hapo.

Nilipata divisheni ya kwanza. Wenzangu watatu waliokaa kambi ile wiki tano walipata sifuri, na hakuna mwalimu aliyekwenda nyumbani kwao na mabango. Hilo linanichoma mpaka leo. Nimekuwa mwalimu, najua mkuu wa shule naye anaulizwa vikombe na walio juu yake. Najua pia kwamba mtoto hana namna ya kusema hapana mbele ya mwalimu wake, kwa hiyo lazima awepo mtu mzima wa kusema kwa niaba yake. Mzazi aliyepita kwenye michezo ndiye anayeifahamu ile lugha ya "masomo yatakusubiri". Ndiyo maana nasema tusiwalaumu wote kwa mpigo.

Kijana wa Haydom

Dada yangu, hapo nakupinga kwa heshima. Mzee alikunyima nafasi. Ungekwenda taifa mara ya pili huenda leo tungekuwa tunakuangalia kwenye runinga. Nchi hii vipaji vingi vinafia kwenye vyeti.

Nguzo Mbili

@Kijana wa Haydom, ni hoja ya haki, nami nilikuwa nayo miaka mingi. Lakini angalia waliofika. Suleiman Nyambui alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajawa yule tunayemjua. Alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso na kukimbilia timu yao, na mwaka 1980 kwenye Olimpiki ya Moscow akachukua fedha ya mita 5,000. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni Jumuiya ya Madola 1978, naye alipita chuo hichohicho. Miguu iliwafungulia mlango, lakini chuo ni chuo, kuna mahali unadaiwa karatasi. Tena mbio hizi za kwetu haziishi ukiwa na miaka 17. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alizaliwa 1992. Alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, shaba ya dunia London 2017, na dhahabu ya dunia ameipata Tokyo Septemba 2025, akiwa na miaka 33, kwa 2:09:48, akimpita Mjerumani kwenye hatua za mwisho kabisa, saa ikiwasomea muda mmoja. Kambi ya wiki tano kidato cha nne haimzai Simbu. Ila inaweza kumaliza kisigino.

Jirani wa Iten

Hapa kwetu Kenya mambo ni hayo hayo. Watu huona David Rudisha na 1:40.91 yake ya mita 800, Olimpiki ya London 2012, lakini babake Daniel alikuwa kwenye timu ya kupokezana vijiti iliyopata fedha Mexico 1968. Na ile familia ya kina Masai wa Mlima Elgon: mashindano ya dunia Berlin 2009, Linet dhahabu mita 10,000, kakake Moses shaba mbio hizo hizo za wanaume. Hata raga tunao ndugu, Humphrey Kayange na Collins Injera, na Kayange alisomea kemia. Lakini nikuulize, yule mdogo wenu? Umesema ana habari yake. Mimi ndiye niliyekuwa huyo kwetu, nisiyekimbia.

Nguzo Mbili

@Jirani wa Iten, asante kwa kuuliza, na pole kama uliumia.

Mdogo wetu hakupenda kukimbia. Hakuwa mgonjwa wala mzembe, hakupenda tu. Fikiria meza ya chakula ambayo kila neno ni sekunde, kilima, mguu unauma wapi. Yeye anakula, ananawa, anaondoka. Walimu wake shuleni walimwita kwa jina la kaka, wakampanga mbio za kijiti bila kumuuliza, akawa wa mwisho, na uwanja mzima ukasema "huyu mbona si wa nyumba ile?" Alikuwa na miaka kumi. Aliporudi alijifungia stoo. Sisi tuliokuwa tunashinda hatukujua tulivyokuwa tunamziba.

Alichopenda ni miche. Alikuwa anaokota makopo na vifuko vya maziwa, anajaza udongo, anapanda mikorosho isiyoota kwa baridi yetu, halafu miparachichi iliyoota. Baba ilimchukua muda kuona, nasema kweli, kama miaka miwili. Halafu Ijumaa moja akafungua kaunta buku kwenye kurasa za mdogo wetu, ambazo kushoto zilikuwa nyeupe tangu mwanzo, akachukua penseli akamuuliza, "Ngapi zimeota?" Mtoto akadhani anataniwa. Baba akasubiri na penseli hewani. "Kumi na tisa." Akaandika: tarehe, miche 19, mvua. Kuanzia hapo kila Ijumaa. Ukurasa wa mwisho wa shule ya msingi unasema miche 112.

Leo ana kitalu chake, na msimu wa mvua anauza kuliko mshahara wangu.

Jirani wa Iten

Nimesoma hiyo mara tatu. Nitampigia babangu leo.

Nguzo Mbili

@Mama Wawili, sikukusahau. Kwa miaka 12, mita 400 peke yake ni mapema kumfungia. Mwache akimbie nyika, aruke, acheze netiboli na rede. Spaiki asivae bado mazoezini, raba zinatosha. Shule yenye kambi, usikatae wala usikubali kwa simu. Nenda mwenyewe, uliza mambo matatu: wanalala saa ngapi, wanakula nini asubuhi, na waliomaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita walipata nini, hasa wanamichezo. Wakikuonyesha makombe kabla ya matokeo, rudi na mtoto wako. Akianza hedhi na muda ukipanda, usiruhusu mtu yeyote amwambie apunguze kula. Hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo huku anafanya mazoezi makali, mpeleke hospitali. Baba yake mwenye moto usimzime, mpe kazi ya kumsindikiza, na kwenye njia ya kurudi wazungumze kitu kingine. Halafu wewe baki kuwa yule anayeuliza "umekula?"

Mama Wawili

Nimenakili yote kwenye daftari. Mungu akubariki, mwalimu. Na hilo kaunta buku, bado lipo?

Nguzo Mbili

Lipo. Mpira wa tyubu ulikatika, sasa limefungwa kwa kamba ya katani. Baba macho yamepungua, kwa hiyo anayeandika ni mama, baba anashika saa.

Likizo ya Juni mtoto wa kaka alilifungua, ana miaka 13, akafika kwenye kurasa zangu. Akaweka kidole kwenye 2:11. "Shangazi, hii ni yako?" Nikamwambia ndiyo. Akageuza mpaka kwenye ukurasa wake, akaangalia 2:20 yake ya wiki ile, akahesabu kwa vidole chini ya meza. Halafu akaenda nje kutafuta raba zake, na mama akamwita arudi kwanza alete madaftari, ilikuwa Ijumaa.